Mwaka Niliojenga Pantoni

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Fidelis kule Mlimba. Habari niliipata kwa bintiye, Leokadia, mtu ambaye sikuwahi kumwona. Alinipigia simu akasema amekuta namba yangu imeandikwa kwenye kifuniko cha boksi la midoli ya wajukuu, na chini yake baba yake ameandika kwamba siku akifariki huyu mtu aambiwe. Basi nikaenda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la msiba, katikati ya wanawake nisiowajua, nikasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na kijana wa ukoo mwenye sauti nzuri. Alizaliwa, akabatizwa, akafanya kazi relini mpaka akastaafu, akawa mwenyekiti wa jumuiya, akalima mpunga, akaacha watoto wanne na wajukuu. Hawakusahau hata ng'ombe wake wawili. Walisahau jambo moja tu, na hilo ndilo lililonitoa Ifakara. Kisha mwongoza ratiba akaanza kuita vikundi vije kutoa salamu za rambirambi: wastaafu wa reli, jumuiya, kwaya, wakulima, majirani. Kila kikundi kilitoa mtu, akashika kipaza sauti, akasema maneno yake, akarudi kukaa. Mwisho mwongoza ratiba akatazama karatasi yake, akauliza kama kuna kikundi chochote kilichosahauliwa. Kabla sijasema nilifanya nini, inanibidi niueleze mwaka mmoja wa maisha yangu, kwa sababu bila mwaka huo ningebaki nimekaa.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Daraja la mto Kilombero lilikuwa bado linajengwa, na magari na watu walikuwa wakivuka kwa pantoni. Nilikuwa na duka la steshenari karibu na soko la Ifakara, mashine moja ya kutoa kopi, kompyuta moja, na meza ambayo wateja waliiegemea mpaka ikapinda. Kabla ya Krismasi nilinunua mnadani salfeti moja ya midoli ya mitumba, nikidhani nitaiuza dukani. Magari yaliisha, wanasesere wakaisha. Chini ya salfeti vikabaki vipande vya plastiki vya rangi rangi, vyenye vinundu juu na matundu chini, ambavyo hakuna mama aliyevitaka kwa sababu hakuona vinakuwa kitu gani. Nikavipeleka nyumbani. Jumapili moja baada ya misa, wali ukiwa jikoni, nikakaa sakafuni nikabonyeza kipande kimoja juu ya kingine, na vikashikana kwa mlio mdogo sana. Nikaongeza cha tatu. Thadei, mume wangu, aliporudi alikuta nimejenga ukuta wenye dirisha na wali umeungua. Tulikula ule wa juu, naye hakunilaumu, kwa sababu Thadei ni fundi wa matrekta na anajua mtu anavyoonekana akiwa amezama kwenye kazi.

Pa kuyaweka matofali hayo, maana ndivyo nilivyoviita vile vipande, palikuwa mahali pamoja tu. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na chumba cha pili kiliitwa chumba cha mtoto tangu siku tulipohamia. Thadei alikipiga plasta na kukipaka rangi kabla ya chumba chetu wenyewe. Kitanda kidogo kilikuwamo, na godoro lake lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani, mwaka wa tisa huo. Kila wiki nilipiga deki chumba ambacho hakuna mtu aliyekichafua. Nikaweka matofali yangu humo, juu ya ile nailoni, nikiyapanga kwa rangi. Nitasema wazi jinsi nilivyojisikia: nilijisikia mwizi. Na kwa kuwa nilijisikia mwizi, nikaanza kudanganya. Jirani akiniuliza, nasema ni bidhaa ya dukani. Wifi akiniuliza, nasema nimewawekea watoto wake, waje kuchezea likizo. Mwanamke mwenye watoto akionekana anacheza, watu watasema anacheza na wanawe. Asiye na mtoto akicheza, watu hunong'ona kwamba ameanza kuchanganyikiwa, na kuna atakayeleta jina la mganga wa Mahenge.

Mpaka leo sijazaa, na sihitaji pole ya mtu. Naliandika hili mapema ili msomaji asikae akisubiri mtoto aje mwishoni kunisafisha.

Watu wengine wa aina yangu niliwapata kwa shida ya meno. Vipande viwili bapa vilikuwa vimeng'ang'aniana, nami kila nilipovitenganisha kwa meno vilibaki na alama. Siku hiyo dukani hapakuwa na mteja, nikaandika kwenye kompyuta, kwa Kiingereza changu cha sekondari, nikiuliza vinaachanishwaje. Nikafikishwa kwenye jukwaa la watu wazima wanaojenga kwa matofali hayo hayo. Nilisoma mpaka mteja wa kopi akanigongea meza. Walikuwamo madaktari, madereva wa malori, mabibi wenye wajukuu, wanajeshi waliostaafu, kutoka nchi nyingi, na wote walizungumza habari ya kipande chenye vinundu vinane kwa umakini ambao kwetu watu huuweka kwenye habari za shamba. Walikuwa na miiko. Hukati tofali. Hulipaki rangi. Huligandishi kwa gundi. Unaliosha kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Na meno, walisema, ni marufuku kabisa. Mgeni alitakiwa ajitambulishe kwa kueleza miaka yake ya giza, yaani ile miaka baada ya utoto ambayo mtu aliyaacha matofali kwa kuona haya, mpaka siku aliyoyarudia. Nilikaa nikifikiri nitaandika nini. Mwishowe nikaandika kwamba mimi sikuwa na miaka ya giza, kwa sababu utotoni sikuwa na matofali. Nimeanza mwaka huu, na nimeolewa. Nikajiita Steshenari. Watu walinikaribisha kwa maneno mengi, na hakuna aliyeniuliza habari ya watoto. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimejaa furaha, na sikuwa na mtu wa kumweleza ni kwa nini.

Katika jukwaa hilo mlikuwa na mtu aliyejiita Behewa la Tatu. Alijenga treni tu. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, kifupi na chenye heshima nyingi, na picha zake zilikuwa na giza upande mmoja. Niliona treni zake kwa miezi miwili bila kumfikiria. Halafu akaweka picha ya kichwa cha treni cha rangi ya chungwa, na nyuma yake, ukutani, palikuwa na salfeti ya mchele iliyoandikwa kwa mkono, kwa rangi ya bluu: MLIMBA. Niliitazama mara tatu. Chini ya picha watu walikuwa wakimsifu kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine nisizozijua. Nami nikaandika neno moja, Shikamoo. Hakukawia. Aliandika, Marahaba, wewe mtoto wa nani? Tukaanza kuandikiana pembeni. Nilimweleza niko Ifakara, naye akasema yeye ni Fidelis, mstaafu wa reli, na matofali yake ya kwanza aliachiwa na fundi mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Tulikuwa tunakaa bonde moja, tunakula mchele mmoja, tumekutana kwa kuzungukia dunia nzima. Tangu siku hiyo alinitumia ujumbe kila asubuhi, akiuliza kwanza hali, pili mvua, tatu nimejenga nini.

Masika yalipopungua, mama mkwe alikuja kutoka Malinyi kutibiwa miguu, akakaa kwetu mwaka ule wote uliobaki. Alilala chumba cha mtoto. Ikabidi niyaondoe matofali kitandani na kuyaweka mvunguni, ndani ya mabeseni mawili, na kila jioni niliomba ruhusa ya kuingia. Nyumba yetu haikuwa na dari, kwa hiyo maneno yalipanda ukuta na kushukia upande wa pili, na nilisikia yote. Nilimsikia akimwambia Thadei, wakati mimi nikichambua mchele sebuleni, kwamba mkewe ni mtu mwema, ana adabu, anapika, lakini mtu mwema hakai sakafuni kama mtoto. Nilimsikia Thadei akijibu kwamba kila mtu ana la kumpumzisha. Nilimsikia tena mama akisema, kwa sauti ya upole ambayo iliniuma kuliko ukali, kwamba kwa kuwa midoli hiyo niliwawekea watoto wa wifi, na watoto hawaji kutoka Malinyi, basi ni afadhali iwafuate. Tukishavuna, akirudi Malinyi, ataibeba. Nami nikaacha kuchambua. Uongo ulikuwa wangu na ulikuwa umenibana. Ningewanyimaje watoto kitu ambacho kwa mdomo wangu nilikuwa nimesema ni chao?

Sasa ninapokumbuka, nawaona wote wawili, yeye na mimi wa wakati ule, kwa macho mengine. Mama yule alikuwa amezaa tisa akazika wanne, na hakukuwa na dakika ya maisha yake iliyomruhusu kukaa sakafuni. Hakuwa na ubaya. Lakini kutokuwa na ubaya hakumpi mtu haki ya kubeba mali ya mwenziwe, na bado nakasirika kidogo nikiandika haya. Nakasirika zaidi kwa ajili ya yule Yustina wa miaka thelathini na sita, aliyekuwa akiendesha duka, akichapa barua za watu wazima wote wa Ifakara, maombi ya kazi, hati za mashamba, risala za harusi, halafu anaingia chumbani kwake mwenyewe kwa kubisha hodi na kutambaa mvunguni.

Katika miezi hiyo jukwaa likatangaza shindano. Kila mtu ajenge kivuko cha kwao: daraja, ngazi, njia ya reli, chochote kinachovusha watu. Mzee Fidelis aliniandikia kabla sijamaliza kusoma tangazo. Alisema, jenga pantoni, maana daraja likiisha hakuna atakayeikumbuka. Nikajenga pantoni. Nilikwenda mtoni siku mbili kuitazama, nikachora kwenye migongo ya kopi zilizoharibika, nikahesabu vyuma vya ubavuni, nikaangalia mlango wake unavyoshuka kwenye udongo na matairi yanavyopanda. Pantoni yangu ilitaka weupe mwingi, na matofali yangu meupe yalikuwa machafu ya mnadani, yenye unga wa njano kwenye matundu. Ndiyo sababu asubuhi moja ya mavuno niliyaosha kwa sabuni na mswaki, nikayaanika uani. Na hapo nilifanya kosa ambalo wale wenzangu wa nchi za baridi, pamoja na miiko yao yote, hawakuwahi kuliwekea mwiko. Tulikuwa tumeanika mpunga. Turubai lilichukua ua wote, na kuku walikuwa wakifukuzwa pembeni. Nikatandika kanga kwenye kona ya turubai, nikamwaga matofali juu ya kanga, nikaenda dukani.

Saa nane wingu likatanda upande wa milima. Mama mkwe, na miguu yake ile, alitoka peke yake kuuokoa mpunga. Alizoa kila kitu. Upepo ulikuwa umeshaikunja kanga, na macho yake hayakuwa mazuri. Mpaka leo sijui kama aliyaona akayaacha, na nimeamua kwamba hakuyaona. Magunia yakafungwa. Jioni ile niliporudi nilishangaa tu kutoyaona matofali, nikadhani mama ameyaweka mvunguni, na kesho yake asubuhi Thadei akayapakia magunia kwenye trekta akayapeleka mashineni kukoboa, nami nikaenda dukani. Kumbe matofali yalikuwa ndani ya magunia. Mashine ya Kasimu ilikuwa karibu na duka langu, na kelele yake nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba sikuisikia tena mpaka iliponyamaza. Ilitoa mlio wa kusaga meno, ikakohoa, ikazimika. Nikajua. Sijui nilijuaje, lakini nilifunga duka mteja akiwa ndani.

Palikuwa na foleni ya watu wa mavuno, kila mmoja na magunia yake, wote wamekunja uso kwa sababu mashine imesimama. Kasimu alikuwa mweupe kwa pumba mpaka kwenye kope. Alikuwa ametoa mkono kwenye mdomo wa mashine, na kiganjani alishika matofali yangu manne, mawili yametafunwa upande, mengine yamekwanguliwa vinundu. Thadei alisimama kando, anatazama chini. Kasimu akaviinua vile vipande watu wote waone.

"Haya madude ya mtoto wa nani?"

Kisha mwanamke mmoja wa mtaa wetu, aliyekaa juu ya gunia lake, akasema taratibu, bila hata kunitazama, "Kwa Thadei mtoto ametoka wapi?"

Watu wawili watatu walicheka, si kwa ubaya, kwa mazoea. Nilimwona Thadei akifunga mkono na kuufungua. Ningeweza kusema ni bidhaa ya dukani. Maneno yalikuwa tayari, niliyatumia miezi yote hiyo, yalishajua njia yao. Lakini niliyaona matofali kwenye kiganja cha yule mtu, na nikaona kwamba nikisema ni ya dukani yanakuwa takataka, na nikisema ni ya watoto yanakwenda Malinyi, na kwa vyovyote vile mimi sipo.

"Ni yangu," nikasema. "Siyo ya mtoto. Ninayajengea mimi mwenyewe."

Kasimu akanitazama, akatazama kiganja chake. "Wewe, Yustina? Mtu mzima?"

"Mtu mzima. Na yaliyobaki humo ndani nayataka yote, hata yaliyotafunwa."

Sikusikia walichosema baada ya hapo. Nilichokiona ni Thadei akienda kwenye trekta. Nilidhani anaondoka. Akarudi na spana. Alivua shati, akaanza kufungua mashine ya Kasimu mbele ya foleni nzima, akatoa zile rola za mpira, akaingiza vidole, na kila alipolipata tofali alilifuta kwa shati lake na kunipa mkononi. Alinipa ishirini na moja. Watu waliokuwa wakicheka walianza kuinamia pumba na kutafuta, na yule mwanamke wa juu ya gunia aliokota jeupe moja dogo, akalinyoosha kwangu bila kuniangalia. Mashine ilipowaka tena ilikuwa mchana, na nilirudi dukani nimebeba matofali kwenye upindo wa kitenge.

Nyumbani tulikula wali na kitoga, samaki wa mtoni, wa kukaanga, sote watatu kwenye mkeka, na mama mkwe ndiye aliyeanza. Aliuliza midoli ya Malinyi imepona mingapi. Nikamwambia, "Mama, hayaendi Malinyi. Niliwadanganya. Ni yangu." Akatafuna polepole, akatoa mwiba, akauweka kwenye ukingo wa sahani. Akauliza chumba kile basi ni cha nani. Hilo swali sikuwa nimelitarajia, na Thadei naye akaacha kula. Nikasema ni chumba cha kazi yangu, na yeye ni mgeni wetu humo mpaka apone. Kwa siku nne hakuniambia zaidi ya salamu na maji. Siku ya tano, nikiwa nyuma ya nyumba nafua, nilimsikia jirani akimuuliza kwa kicheko kama mkwe wake bado anacheza matofali, na nikamsikia mama akijibu kwamba mkwe wake anajenga pantoni, na yeye jirani anajenga nini. Baadaye alipoingia ndani alinikemea kwa kuacha sabuni ndani ya maji. Hakuwahi kunikubalia usoni, hata siku moja, na sikumdai.

Pantoni niliimalizia kwa matofali yaliyotafunwa. Niliyaweka ubavuni, sehemu inayogusa ukingo wa mto, ambapo pantoni yenyewe ilikuwa imekwanguka na kupinda kwa miaka. Nilipiga picha uani, nikaituma kwenye jukwaa. Baada ya siku mbili msimamizi wa shindano akaniandikia, kwa adabu nyingi, kwamba picha yangu imeondolewa, kwa sababu nimetumia matofali yaliyokatwa. Nikajibu kwamba sikuyakata, yalipita kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akauliza ni mashine gani. Nikaeleza. Wakaanza kubishana, wakabishana wiki nzima, kama jambo lililotokea kwa bahati mbaya ni sawa na kukata kwa kusudi, na Behewa la Tatu akawaandikia kwa Kiingereza chake kwamba kama hawajui mpunga unakobolewaje wasiseme habari ya pantoni ya Kilombero. Mwanamke mmoja wa nchi ya theluji akajitolea kunitumia matofali meupe mapya kwa posta, ili nitoe yale mabovu na kurudi shindanoni. Nilimshukuru kwa moyo, nikamwambia akiyatuma nitayatumia kwa kazi nyingine, lakini hayo ya ubavuni hayatoki. Basi picha ikarudishwa, na chini yake wakaandika kwamba haishindaniwi. Sikupata kura hata moja. Niliumia, sisemi uongo. Lakini nilikuwa nimeshasema mashineni, mbele ya watu wenye njaa ya kukoboa, kwamba ni yangu, na baada ya hapo mtu wa mbali kuniambia si halali hakukuwa na nguvu ya kunikalisha.

Mwisho wa mwaka ule Mzee Fidelis akaja Ifakara kwa treni kuiona. Nilimpokea stesheni: mzee mrefu, koti la suti juu ya fulana, boksi limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilimpikia vitumbua na chai ya tangawizi, akala vitatu, akaomba kuonyeshwa. Mama mkwe alikaa kitandani, kwenye godoro ambalo sasa lilikuwa limevuliwa nailoni, akamtazama mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa kuzidi miaka sitini, akipiga magoti kwenye sakafu ya sementi na kuifungua milango ya pantoni kwa kidole. Alivumilia kidogo, kisha akasema pantoni haiko hivyo. Pantoni gani haina watu? Yeye amevuka mto ule tangu msichana, na watu walikuwa wengi kuliko magari, na wenye samaki walisimama nyuma kwa sababu ya maji kuchuruzika. Nilikuwa na vijitu vitano tu, mmoja polisi, mmoja wa kofia ya angani, mmoja hana kichwa. Mama akaamuru kila mmoja asimame wapi. Asiye na kichwa alimpeleka nyuma, kwa wenye samaki.

Nilipokuwa nikimsindikiza mzee kurudi stesheni, nilimsimulia yaliyotokea mashineni. Alicheka mpaka akasimama njiani. Halafu akaniambia kwamba yeye Mlimba hajaweza kusema kuwa ni yake. Mkewe, Mungu amrehemu, alijua. Wengine wote amewaambia ni ya wajukuu, na wajukuu wanakatazwa kuyagusa, na hakuna aliyewahi kushangaa. Alisema amekaa kwenye vikao vya jumuiya, amepatanisha watu waliokuwa wakitaka kuuana kwa mipaka ya mashamba, na hawezi kutamka jambo hilo dogo. Nikampa tofali moja kati ya yaliyotafunwa, akalitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Treni ilipokuwa inaingia akaniambia, "Siku nikifa uje uwaambie wewe, mwanangu. Mimi sitakuwepo kuona haya."

Nilidhani anatania. Tuliandikiana miaka yote iliyofuata, kila asubuhi, hali, mvua, umejenga nini. Daraja likaisha, pantoni ikaondoka, mama mkwe akarudi Malinyi na miguu yake ikiwa afadhali, na huko ndiko alikofariki. Pantoni yangu iko chumbani kwangu, na watu wake watano wamesimama pale pale alipowaweka.

Basi mwongoza ratiba akauliza kama kuna kikundi chochote kilichosahauliwa. Leokadia alikuwa amekaa mbele, kitambaa cheusi kichwani. Dakika chache kabla alikuwa amenionyesha boksi, na ndani yake, juu ya treni zote zilizofungwa kwa magazeti, lilikuwapo lile tofali jeupe lililotafunwa. Aliniuliza kama tulitupe, maana ni bovu, na yaliyobaki wagawiwe watoto. Nilikuwa nalo mkononi. Nikasimama. Wanawake walinipisha, na yule mwongoza ratiba akanijia na kipaza sauti, akauliza natoka kikundi gani, nikamwambia ni kikundi cha wajenzi wa matofali ya plastiki, kilicho mtandaoni. Alidhani hakusikia vizuri. Aliutazama ule mkono wangu, akaangalia kitofali, akatabasamu kwa huruma ambayo watu huwapa wageni wa msibani.

"Hicho ni kikundi cha watoto, dada?"

"Hapana," nikasema. "Ni cha watu wazima, na Mzee Fidelis alikuwa mkubwa wetu."

Kicheko kilianzia kwa wastaafu wa reli, kikapita kwa wanakwaya, kikafika mpaka kwa waliokuwa jikoni. Leokadia aligeuka kunitazama, na hakuwa anacheka. Niliwasubiri wamalize, kwa kuwa kipaza sauti nilikuwa nimeshakichukua, na treni alizojenga zilikuwa kumi na nne, na nilikusudia kuzitaja zote.